Kwa nini aliyevaa nadhifu nilimhudumia kwanza?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa mapokezi katika zahanati moja. Wiki iliyopita mama mmoja mtu mzima, mwenye kanga iliyopauka na miguu iliyojaa vumbi, alisubiri karibu saa nzima huku nikimwandikia kadi bwana aliyefika baadaye akiwa na suti iliyopigwa pasi. Bwana huyo hakuomba upendeleo wala hakunipa chochote. Nilijikuta tu nimesimama na kumwita "mheshimiwa". Tangu siku hiyo sina raha. Je, nina roho mbaya? (Msomaji wa kike, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, mwenye roho mbaya asingekosa raha kwa jambo hili. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha uchambuzi wa alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari waliokuwa chini yao, akaonyesha kwamba aliyesifiwa kwa umbo na unadhifu alielekea kusifiwa pia kwa akili, uongozi na tabia, kana kwamba mambo hayo yote ni kitu kimoja. Jicho likisharidhika, moyo huyapitisha mengine bila kuyakagua.

Uchunguzi uliofanyika Austin, Texas, na kuchapishwa mwaka 1955 unanigusa zaidi. Mtu mmoja alitumwa kuvuka barabara wakati taa inakataza, safari nyingine akiwa na suti na viatu vilivyong'arishwa, safari nyingine akiwa na suruali yenye viraka. Alipovaa suti, takriban watu 14 kati ya kila 100 waliokuwapo walivuka pia; alipovaa viraka walivuka 4 tu. Mtu ni yuleyule na kosa ni lilelile, lakini suti ilitosha kuwatoa watu woga wa kuvunja sheria.

Sikushauri uudharau unadhifu, maana hata sare yako safi humpa mgonjwa imani kwamba amefika mahali panapojali. Ninachokuomba ni kuutenganisha na uwezo wa kifedha. Kanga iliyopauka huenda imepauka kwa kufuliwa mara nyingi, na vumbi la miguuni humpata yeyote aliyetembea kwa miguu kuja kutibiwa, hata kama alioga alfajiri.

Nia njema peke yake haitakutosha, kwa sababu jicho hutangulia. Andika namba kwenye vipande vya karatasi, umpe kila anayeingia, kisha uite kwa namba, na atakayeruka foleni awe mgonjwa aliyezidiwa tu. Katika salamu tayari tunacho kipimo kizuri: shikamoo hutolewa kwa umri, na hakuna aliyefundishwa kuangalia kwanza shati limepigwa pasi au la. Mama yule akirudi, mwamkie hivyo ukiwa umesimama, kama ulivyomsimamia yule bwana, kisha umwombe radhi kwa saa ile aliyokungoja.