Maswali ya Wasomaji: Mbona slagi zangu hazikai pamoja?

SWALI: Nina shotigani ya geji 12, ya kuvuta, mtutu wake laini ndani. Nimeifungia darubini juu ya bodi (sehemu ya kati mtutu unapoingia) na kupiga slagi, yaani risasi moja nzito badala ya chembe nyingi, tano kwa mita 50. Mbili zilikwenda kushoto, moja juu, mbili hazikugusa karatasi kabisa. Kila nikizungusha vitufe vya kurekebisha darubini mambo yanazidi kuharibika, na msimu wa kuwinda unakaribia. Nianzie wapi?

JIBU: Viache vitufe kwanza. Matundu yakitawanyika kiasi hicho darubini haina cha kurekebisha, kuna kitu kinacheza. Hakikisha chemba na magazini ni tupu, kisha shika bodi kwa mkono mmoja, mtutu kwa mwingine, uutikise. Kwenye shotigani nyingi za aina hiyo mtutu hushikiliwa na kofia ya magazini tu, ile inayokazwa mbele ya bomba la risasi chini ya mtutu, na darubini iliyokaa juu ya bodi haijui mtutu umehamia wapi. Kaza kofia vizuri, na kila ukiifungua uirudishe ilivyokuwa. Skrubu za darubini nazo zitoe, zifute mafuta, zitie tone la gundi ya skrubu, uzikaze kwa kipimo cha mtengenezaji. Teke la slagi, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma, hulegeza chochote kilichokazwa nusunusu.

Sasa tazama risasi zenyewe. Slagi ya saboti, ile iliyovikwa plastiki, imekusudiwa mtutu wenye mifuo ya kuizungusha. Ukiipitisha kwenye mtutu laini haipati mzunguko, inapinduka hewani. Karatasi itakwambia: tundu la duara safi ni salama, tundu lililorefuka lina maana risasi imefika kiubavu. Wewe tumia slagi ya Foster, ile isiyovikwa plastiki na iliyokusudiwa mtutu laini, pamoja na choki (kibano cha mdomo wa mtutu) iliyo wazi, na usichanganye chapa, kwani kila moja hupiga mahali pake.

Anza kwa mita 25, karatasi kubwa. Piga tatu, halafu pima kutoka katikati ya hayo matundu matatu hadi shabaha. Usifukuze tundu moja moja. Darubini nyingi husogeza robo dakika ya pembe kwa kliki moja ya kitufe, yaani milimita 7 hivi kwa mita 100, na 1.8 tu kwa mita 25. Kundi likiwa sentimita 9 kushoto, unahitaji kliki 50 kwenda kulia. Wengi huzungusha kumi, wakasema darubini ni mbovu. Mshale wa kwenye kitufe huonyesha risasi itakakohamia. Ukishafika shabaha rudi mita 50, umalizie hapo. Kati ya makundi uache mtutu upoe.

SWALI: Baada ya risasi chache bega linauma, nafumba macho kabla ya mlio. Nifanyeje?

JIBU: Kaa wima kwenye meza ya juu ili mwili uyumbe na teke; ukijilaza juu ya meza bega hubeba lote. Mfuko wa mchanga uwe chini ya kishikio cha mbele, kamwe si chini ya mtutu, la sivyo risasi zitapanda. Jicho likae mbali na darubini kama sentimita 9, nyusi zisalimike. Vaa vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, kwani mlio hutisha kuliko teke. Mwenzako akupakilie, mara nyingine atie risasi bandia ya mazoezi bila kukwambia. Mdomo wa bunduki ukiinama pale isipolia, kasoro ni mkono wako, na siku hiyo usiguse vitufe tena.