Nguo za mimba: nunua ukifikiria kunyonyesha

Tumbo linalodai nguo zake lenyewe linadumu kama miezi mitano. Mimba ya kwanza kwa wengi wetu haionekani vizuri mpaka mwezi wa nne, na zinazofuata huwahi kidogo kwa kuwa misuli ya tumbo imeshalegea. Kunyonyesha ndiko kurefu. Miezi sita ya mwanzo mtoto anapewa maziwa ya mama peke yake, kisha anaendelea kunyonya huku akila mpaka afike miaka miwili, kama tunavyofundishwa kliniki. Kwa hiyo mdogo wangu yeyote akija kuniuliza avae nini na tumbo lake, namjibu kwamba atafute nguo ya kunyonyeshea ambayo tumbo nalo linaenea ndani yake. Gauni likiwa zuri mno lakini titi halina pa kutokea, liache dukani.

Nimebeba mimba zangu hapa Mtwara mjini nikiwa kazini, kwenye ofisi inayotaka watu waonekane nadhifu toka asubuhi. Nayoyasema hapa ni ya mwanamke wa mshahara wa kawaida, ambaye hawezi kujaza kabati jipya kwa ajili ya miezi michache, na ambaye jasho linamtoka kabla hajafika kituo cha bajaji.

Maana la kwanza huku kusini ni joto. Kuanzia Novemba mpaka Machi hewa ya pwani yetu inanata mwilini, na mjamzito analisikia joto zaidi ya wenzake, kwa sababu damu yake imeongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida na ngozi yake inapata moto. Anayebeba tumbo kubwa Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma, ana nafuu, na ndugu zetu wa Newala kule juu uwandani watahitaji hata sweta asubuhi. Lakini wa Mtwara, Mikindani na Lindi mjini, kama utajifungua karibu na Februari, usidanganywe na kitambaa cha kung'aa. Pamba tu.

Siku hizi vitenge vingi sokoni ni poliesta vyenye maua mazuri. Ukitaka kujua, omba uzi mmoja kwenye ncha ya kitambaa uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Wauza vitambaa wanalijua jaribio hili, na mwenye mali nzuri hakatai. Ukiona haya kuwasha kiberiti dukani, kamata kitambaa ukikunje ngumini kwa nguvu. Pamba itabaki na makunyanzi.

Miezi mitatu ya mwanzo usinunue kitu. Tumbo bado, ila kiuno kimeshaanza kujaa, gesi inakusumbua na kila kinachobana kinaleta kichefuchefu. Huku kwetu mimba changa haitangazwi, na mimi naona ni desturi yenye busara, basi madera yako na mashati ya baba watoto yanatosha kukusitiri. Kwa sketi au suruali ya kazini, chukua mpira wa kufungia nywele, upitishe kwenye tundu la kifungo, uurudishe uushike kwenye kifungo chenyewe. Blauzi ndefu inafunika. Utakwenda hivyo mpaka mwezi wa nne au wa tano bila kutoa shilingi.

Baada ya hapo, nguo yangu ya kwanza ni sketi ya kufunga. Hiyo naipenda kuliko zote, na nitaieleza kwa kirefu.

Chukua kitenge cha yadi sita. Yadi mbili, ambazo ni kama mita 1.8, ni sketi yako. Tumbo la mwezi wa tisa lenye mzunguko wa sentimeta 110 litazungukwa lote na bado zitabaki sentimeta 70 za kufunikana mbele, kwa hiyo hata upepo wa pale Shangani ufukweni hauwezi kukufunua. Fundi anashona pindo juu na chini, anaweka kamba mbili ndefu, na kwenye mshipi anaacha tundu la kupitishia kamba moja. Unafungia ubavuni, usifungie kwenye kitovu. Mwezi wa nne unaivuta inabana vizuri, mwezi wa nane unaiachia, ukishajifungua unairudisha kidogo kidogo kadiri tumbo linavyoshuka. Hakuna zipu ya kukataa kupanda wala lastiki ya kuchora alama tumboni. Yadi mbili nyingine ni blauzi. Yadi mbili za mwisho ziweke, zitakuwa mbeleko.

Sasa una suti ya kitenge kwa siku ya kikao, na ukiivunja una sketi inayokwenda na tisheti nyeusi, na blauzi inayokwenda na sketi nyeusi. Ndiyo maana nasisitiza rangi. Chagua rangi moja tulivu ya chini, nyeusi, ya kahawia au bluu iliyokoza, halafu vya juu viwe na maua. Sketi mbili, suruali moja pana, blauzi nne, magauni mawili na dera la nyumbani, vyote vikikubali kuvaana, vinakutosha mpaka mwisho. Kwa wanaovaa baibui, tafuta la kufungua mbele, la kitambaa chepesi, na ndani yake vaa gauni la khanga. Baibui la kuvalia kichwani litakutesa siku ya kwanza utakapotaka kumnyonyesha mtoto kwenye basi.

Fundi cherehani naye anahitaji maelekezo, maana wengi wanakupima leo na kukushonea leo. Mimi fundi wangu wa Chikongola tulishazoeana, lakini bado namsimamia. Kipimo cha urefu wa mbele lazima kianzie begani, kipite juu ya tumbo, ndipo kishuke. Akipima mgongoni tu, gauni litakuwa sawa leo na mwezi wa nane litapanda mbele mpaka magotini huku nyuma linaburuta. Mwambie mbele aongeze sentimeta sita au saba, na mwanzoni azikunje kwenye pindo. Mkato uwe chini ya matiti, marinda yaanzie hapo, yashuke yenyewe juu ya tumbo. Ubavuni aache akiba ya mshono ya sentimeta nne kila upande, ili akifumua nguo inapanuka. Kama ni sketi ya lastiki, lastiki iwe pana na ndani aache tundu dogo la kuibadilishia. Na mbele aweke vifungo mpaka chini ya kifua, au zipu mbili zilizofichwa kwenye mishono ya pembeni ya matiti. Hizo zipu watu hawazioni kabisa.

Fundi wangu huniuliza, "Dada, vifungo vyote hivi vya nini, mtoto hajazaliwa?" Namjibu, "Kaka, atazaliwa, na mimi sitarudi kushona tena." Tunacheka, anaviweka.

Jambo la sare lina uzito wake huku kusini. Korosho zikianza kuuzwa mnadani kuanzia Oktoba, fedha zinaingia vijijini, harusi zinafuatana, na likizo ikifika kuna ngoma za kuwatoa watoto unyagoni. Utaletewa kitenge cha sare na shangazi au wifi, na huwezi kukataa. Wapokee, lakini usikubali kupimwa mapema na kundi zima. Ongea na fundi nafasi yako iwe wiki ya mwisho, umlipe kabisa ashike siku, kwa sababu msimu huo mafundi wanaelemewa. Mshono uwe ule ule wa mkato chini ya matiti. Wifi akitaka wote mvae mshono wa kubana kiunoni, mwambie kwa heshima kwamba rangi ndiyo sare. Mjamzito aliyebanwa tumboni hukaa kwenye kiti cha harusi anasumbuliwa na kiungulia, na hakuna sherehe yenye thamani hiyo.

Mitumba ni hazina kwa mwenye macho. Katika marobota huwamo nguo za wajawazito zilizotengenezwa hasa, na wauzaji mara nyingi huzichanganya na za watu wanene. Utaitambua suruali kwa kitambaa kipana cha kuvutika pale kiunoni badala ya kifungo, na blauzi kwa marinda madogo ubavuni yanayoifanya mbele iwe ndefu kuliko nyuma. Vuta lastiki karibu na sikio lako. Ikilia kama mchanga, imekufa, irudishe. Ukifika nyumbani fua kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi.

Sidiria na chupi usizitafute mitumbani. Matiti yanabadilika mara mbili, mara ya kwanza mapema kabisa na mara ya pili mwishoni, kwa hiyo nunua mbili mwezi wa nne, zisizo na waya, na mbili za kunyonyeshea mwezi wa nane. Chupi za pamba, tena nyingi, kwa kuwa fangasi za ukeni huwapata wajawazito kirahisi na jasho letu la pwani linazisaidia. Viatu nunua jioni, miguu ikiwa imeshavimba, viwe vya chini na viwe na mkanda wa nyuma. Pete ikianza kubana ivue mapema. Lakini uso au mikono ikivimba ghafla, kichwa kikauma sana au macho yakaona ukungu, hapo shida si viatu wala pete. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Siku ya kliniki vaa vipande viwili. Mkunga atakulaza apime urefu wa tumbo na asikilize mapigo ya moyo wa mtoto, na mwenye gauni moja refu inabidi alipandishe lote. Mwenye sketi ya kufunga anaishusha kidogo, anapandisha blauzi, imekwisha. Mkono wa blauzi uwe mpana unaokunjika mpaka juu ya kiwiko, maana presha hupimwa pale. Weka na khanga moja mkobani ya kutandika kitandani au kujifunika miguu.

Madera marefu ni mazuri nyumbani, ila kwenye bodaboda na ngazi ni hatari. Pindo hunaswa na gurudumu au mnyororo. Likate liishie juu ya kifundo cha mguu. Jioni nayo ina sheria yake. Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na malaria kwa mjamzito inamdhuru hata mtoto tumboni. Jua likizama, vaa gauni jepesi la mikono mirefu au jitande khanga mabegani kama unakaa barazani, na usiku lala ndani ya chandarua ulichopewa kliniki. Nguo haichukui nafasi ya dawa za kukinga malaria unazomezeshwa pale, lakini inapunguza mbu wanaokufikia.

Khanga zako anza kuzikusanya mapema, doti moja moja kila unapopata nafasi. Mpya ina gundi na ni ngumu, kwa hiyo zifue mara kadhaa zilainike kabla hazijamgusa mtoto. Mimi doti moja huwa naiunganisha mabegani na ubavuni tu, bila kukata hata inchi, inakuwa gauni la kuvaa nyumbani miezi ya mwisho. Siku za kujifungua zikikaribia naifumua, vinarudi vipande viwili vya kumpokelea mtoto.

Kwenye mkoba wa hospitali usiweke nguo ulizokuwa unavaa kabla ya mimba. Tumbo huchukua kama wiki sita kurudi, na siku ya kutoka utakuwa na umbo la mwezi wa tano au wa sita. Weka sketi yako ya kufunga, blauzi ya vifungo, sidiria ya kunyonyeshea na mtandio mpana wa kumfunika mtoto anaponyonya njiani.

Ukimaliza kunyonyesha, fua vizuri na umpelekee wifi au mdogo wako mwenye zamu. Magauni na sketi zinahama nyumba kwa nyumba bila shida. Sidiria na viatu baki navyo, maana vimeshafuata umbo lako.