Wasomaji Wanauliza: Kuunda Alama na Kusimamia Mitindo katika draw.io

Barua tunazozijibu katika toleo hili zinahusu draw.io, programu ya kuchora michoro inayopatikana bila malipo kwa kompyuta zinazotumia Windows, macOS au Linux. Toleo lake la kompyuta hufanya kazi bila intaneti, isipokuwa linapotafuta masasisho, na michoro hubaki katika diski ya mwenyewe. Kwa mtu anayefanya kazi mahali ambako bando ni ghali au mtandao hukatika mara kwa mara, hilo si jambo dogo. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana katika toleo la Kiingereza ili iwe rahisi kuyatafuta kwenye skrini.

Ndugu mhariri, mimi ni fundi umeme na huchora ramani za umeme wa nyumba kwa draw.io. Alama ya soketi ninayoitaka niliiunda kwa kuunganisha nusu duara na mistari, nikavifanya kundi moja. Hata hivyo, ninapovuta waya hushika kipande kimoja badala ya alama nzima. Nifanyeje? – Fundi umeme, Mwanza

Ndugu fundi, kundi la maumbo halitakufikisha unakotaka, kwa sababu programu bado inaliona kuwa ni maumbo kadhaa yanayosafiri pamoja. Unachohitaji ni umbo moja lenye sehemu zake za kuunganishia, na draw.io inakuruhusu kuliandika mwenyewe. Fungua menyu ya "Arrange", nenda kwenye "Insert", kisha uchague "Shape". Litafunguka dirisha lenye maandishi ya XML, yaani data iliyoandikwa kwa vitambulisho ambavyo programu huvisoma, na maandishi hayo, ingawa yanatisha kwa mtu anayeyaona mara ya kwanza, yanaeleza mambo matatu tu: ukubwa wa eneo la kuchorea, mahali ambapo waya zitashika, na njia ambayo mstari utapita.

Tuichukue alama ya soketi kama inavyochorwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60617. Ina shina fupi linalofika kwenye kilele cha nusu duara, na mdomo wa nusu duara hiyo umeelekea upande usio na shina. Soketi yenye ethi huongezewa mstari ulionyooka unaogusa kilele hicho, na yenye swichi huongezewa mkato mfupi wa mshazari. Tuseme eneo lako lina upana wa 40 na kimo cha 30, ukikumbuka kwamba kimo huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Kwa amri ya "move" unaanzia 20 kwa upana na 0 kwa kimo, na kwa amri ya "line" unashuka hadi 20 na 10. Hilo ni shina. Unahamia 0 na 30, kisha kwa amri ya "arc" yenye nusu kipenyo cha 20 unachora hadi 40 na 30, ukiweka "sweep-flag" kuwa 1 ili tao lipite juu. Kwa kuwa nusu kipenyo ni 20 na tao linaanzia kimo cha 30, kilele chake kitaangukia kimo cha 10, pale pale shina lilipoishia. Mstari wa ethi unatoka 0 na 10 hadi 40 na 10. Ukimaliza njia hiyo, andika amri ya "stroke", kwani bila hiyo njia ipo lakini haionekani.

Sehemu ya kuunganishia huandikwa kando, ndani ya "connections", na vipimo vyake si vya eneo lako bali ni sehemu ya upana na ya kimo kati ya 0 na 1. Kwa soketi hii unahitaji moja tu, yenye x ya 0.5 na y ya 0, yaani katikati ya ukingo wa juu, kwenye ncha ya shina. Waya utakaouvuta utashika hapo, na utaendelea kushika hapo hata ukiihamisha alama hadi chumba kingine cha ramani.

Kuna maamuzi madogo ambayo watu wengi huyaruka kisha wakahangaika baadaye. La kwanza ni unene wa mistari. Ukiandika "strokewidth" kuwa namba, mistari itanenepa kila utakapoivuta alama iwe kubwa, na ramani itakuwa na soketi nene na soketi nyembamba kana kwamba ni vifaa viwili tofauti. Andika "inherit", na unene utafuata mtindo uliochagua, si ukubwa wa alama. La pili ni uwiano: andika "aspect" kuwa "fixed" ili mtu asiweze kuibana soketi ikawa yai. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kutoandika rangi yoyote ndani ya umbo. Rangi iliyoandikwa ndani ya umbo haitasikiliza paneli ya mitindo, na siku mteja atakapotaka ramani nyeusi tupu kwa ajili ya kuchapisha, utalazimika kulifungua umbo lenyewe na kulihariri. Acha umbo libebe sura, na mtindo ubebe rangi na unene.

Alama ikikamilika, fungua maktaba mpya kwa "File" kisha "New Library", na uiburute alama ndani yake. Wengi huishia kuiweka kwenye "Scratchpad" iliyo upande wa kushoto, ambayo inafaa kwa kazi ya leo lakini inabaki ndani ya programu yako. Maktaba ni faili, na faili unaweza kuinakili kwenye flashi ukampa fundi mwenzako.

Ikiwa tayari unayo alama hiyo katika faili ya SVG (aina ya picha inayohifadhiwa kama mistari na maumbo) kutoka programu nyingine, unaweza kuiingiza moja kwa moja, lakini itakuja kama picha na rangi zake zitakuwa zimeganda. Iteue, bonyeza Ctrl na E ili kuufungua mstari wa mtindo, kisha uongeze mwishoni maneno "editableCssRules=.*;". Kama SVG hiyo ilipangwa rangi zake kwa kanuni za CSS, yaani lugha ya kupangia mwonekano, paneli itakuonyesha visanduku vya kubadilishia rangi. Kama rangi ziliandikwa moja kwa moja kwenye kila mstari wa SVG, maneno hayo hayatasaidia kitu, na ni afadhali kuichora alama upya kwa njia niliyoieleza juu.

Ofisi yetu ina maktaba ya alama za taratibu za kazi. Mwezi uliopita tuliiboresha alama moja katika maktaba, lakini michoro yote ya zamani imebaki na alama ile ya awali. Je, kuna mahali tumekosea? – Afisa mipango, Dodoma

Hamkukosea. Katika draw.io, alama unayoiburuta kutoka maktaba ni nakala kamili, na baada ya kutua kwenye mchoro haina uhusiano tena na maktaba ilikotoka. Huu ndio udhaifu ninaoulalamikia zaidi katika programu hii ambayo kwa mengine naipenda, kwa sababu ofisi yenye michoro mingi inahitaji hasa kitu kimoja: kubadilisha mahali pamoja na kuona badiliko kila mahali.

Programu nyingine zimelitatua jambo hili kwa njia zao. Microsoft Visio, ambayo hulipiwa, huweka ndani ya kila hati alama mama, na ukiihariri alama mama hiyo katika "Document Stencil", alama zote zilizotokana nayo katika hati ile hubadilika. Inkscape hufanya jambo linalofanana, kwani alama zake hubaki zimeunganishwa na asili yake ndani ya faili. LibreOffice Draw, ambayo ni ya bure, haifuati njia ya alama mama bali ya mitindo: bonyeza F11, unda mtindo wenye jina kama vile "Hatua ya uamuzi", na kila umbo lililopewa mtindo huo litafuata mara tu utakapobadilisha rangi, fonti au unene wa mstari. Mtindo mmoja unaweza pia kurithi kutoka kwa mwingine, kiasi kwamba fonti ya ofisi nzima hubadilishwa katika mtindo wa juu kabisa. Kama kinachobadilika mara kwa mara kwenu ni rangi na maandishi kuliko maumbo, ningewashauri mlijaribu Draw kabla ya kuendelea kuongeza michoro.

Kwa michoro mliyo nayo tayari, hamna haja ya kuanza upya. Fungua mchoro, nenda "Extras", kisha "Edit Diagram", na utaona mchoro mzima kama maandishi. Kila alama mliyoiunda imeandikwa humo ikianza na "shape=stencil" na kufuatiwa na mabano yenye mfuatano mrefu wa herufi. Nakili mfuatano wa alama ya zamani, weka maandishi yote katika kihariri cha kawaida, na ukiamuru kibadilishe kila mahali unapotokea kwa mfuatano wa alama mpya, kisha uyarudishe maandishi katika dirisha lile. Hifadhi nakala ya faili kabla ya kugusa chochote, kwa maana herufi moja ikipotea alama haitachorwa.

Kuhusu kazi zijazo, chora umbo moja na kiunganishi kimoja kama mnavyovitaka, viteue kimoja kimoja na ubonyeze Ctrl, Shift na D ili mtindo wake uwe wa msingi. Vitakavyofuata vitazaliwa hivyo. Ili mtindo huo uwepo kila programu inapofunguliwa, uandikeni katika "Extras" kisha "Configuration", chini ya "defaultVertexStyle" kwa maumbo na "defaultEdgeStyle" kwa viunganishi, halafu mfungue programu upya. Maandishi hayo ya usanidi yanaweza kunakiliwa neno kwa neno katika kompyuta zote za ofisi, na hiyo ndiyo njia ya pekee ninayoiamini ya kuwafanya maafisa kadhaa wachore kwa mwandiko mmoja.

Ninasanifu skrini za programu ya simu kabla haijaandikwa. Nataka vitufe, visanduku vya kutiki na sehemu za kujazia maandishi vifuate rangi za chama chetu cha akiba na mikopo. Nianzie wapi? – Msanifu, Mombasa

Anzia kwenye hali, si kwenye rangi. Kitufe kimoja kina sura kadhaa: kinaposubiri kubonyezwa, kinapobonyezwa, na kinapokuwa kimezimwa. Kila sura iwe alama yake katika maktaba, yenye jina linaloeleweka, la sivyo mwandishi wa programu atakisia, na atakavyokisia ndivyo mwanachama atakavyoona.

Rangi za chama ziandike katika "Configuration" chini ya "customColorSchemes", kila jozi ikiwa na rangi ya kujaza na rangi ya mstari, nazo zitatokea kama vibonyezo katika kichupo cha mitindo. Hapo hapo zipime. Mwongozo wa WCAG, ambao ni wa kimataifa na unahusu kurahisisha matumizi ya wavuti kwa watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na mipaka ya vidhibiti vyenyewe kwa angalau 3 kwa 1. Manjano hafifu yenye maandishi meupe haifiki huko hata ikiwa ndiyo rangi ya nembo, na mwanachama anayesoma salio lake juani hatauona mchoro mzuri, ataona doa. Wala kosa lisionyeshwe kwa wekundu peke yake. Ongeza alama au neno, maana wapo wasioitofautisha rangi hiyo na kijani.

Maneno yanayojirudia katika skrini nyingi, kama jina la huduma, yasiandikwe kwa mkono kila mahali. Liweke kama data ya umbo kubwa linalobeba skrini nzima kwa kutumia "Edit Data", kisha katika lebo za ndani uandike %huduma% huku ukiwa umetiki "Placeholders". Programu hulitafuta neno hilo kwenye umbo lenyewe, na isipolipata huangalia umbo linalolibeba.

Je, naweza kuwabadilishia wanafunzi wangu maumbo ya chati mtiririko ili yavutie zaidi, kwa mfano uamuzi uwe wingu badala ya msambamba wenye pembe juu na chini? – Mwalimu, Kisumu

Mwalimu, rangi badilisha utakavyo, pembe zilainishe, mistari inenepeshe, lakini umbo liache. Maumbo ya chati mtiririko yamewekwa na kiwango cha ISO 5807 cha mwaka 1985, na mwanafunzi atakayezoea wingu atashindwa kuisoma chati ya mtu mwingine. Ni hivyo hivyo katika umeme, ambako kizuizi cha mkondo (resistor) huchorwa kama mstatili katika alama za IEC na kama mstari wa zigizaga katika alama za Marekani: chagua mfumo mmoja na uwaambie wanafunzi ni upi.

Nikimtumia mwenzangu mchoro wenye alama nilizoziunda, je, atahitaji maktaba yangu? – Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

Katika draw.io hahitaji, kwa kuwa umbo lako husafiri ndani ya faili ya mchoro. Maktaba ataihitaji tu akitaka kuziburuta alama zako katika mchoro mpya. Fonti, kwa upande mwingine, haisafiri, na kama kompyuta yake haina fonti uliyotumia, maandishi yatachorwa kwa fonti nyingine na huenda yakatoka nje ya visanduku. Mtumie pia nakala ya PDF ili ajue mchoro ulikusudiwa kuonekanaje.

Wanaotumia Dia, programu nyingine ya kuchora michoro, wawe waangalifu zaidi. Faili ya Dia hubeba jina la alama tu, na umbo lenyewe hukaa katika faili yenye kiambishi cha .shape ndani ya kabrasha la mtumiaji. Mwenzako asiyekuwa na faili hiyo ataambiwa kwamba aina ya umbo haijulikani, kwa hiyo tuma mchoro pamoja na faili zote za .shape ulizozitumia, na faili ya .sheet inayozipanga.