Daktari, kabla hujachukua fomu, mtazame Tandi Dorji

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, simu yangu huanza kuita. Anayepiga mara nyingi ni daktari kijana, ana miaka mitano sita kazini, wilaya nzima inamfahamu, na wazee wameshamwita pembeni wakamwambia agombee ubunge. Anataka nimwambie kama atapita. Wananitafuta mimi kwa sababu niliwahi kuchukua fomu nikiwa daktari wa wilaya, na kwenye kura za maoni za chama nikaambulia kura kumi na saba.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Nilidhani kila niliyemtibu ni kura. Mlangoni pa ukumbi nilikutana na mjumbe mmoja, mama ambaye pacha wake nilikesha nao wiki nzima, kila mmoja hajafika kilo mbili. Akanishika kwa mikono yote miwili. "Daktari, sisi tunakutaka pale pale hospitali. Ukienda Dodoma, watoto nani atatuangalizia?" Akaingia, akampa mwingine kura yake, na wala hakunificha. Watu husema wajumbe si watu. Yule mama alikuwa amepima mambo vizuri kuliko mimi.

Nilirudi wodini nimenywea. Zamu za usiku zilizofuata nikawa nasoma habari za madaktari walioingia siasa, nikaishia Bhutani, nchi ndogo ya milimani kati ya India na China, yenye watu wasiofika laki nane. Mwaka 2018 ilichagua serikali ambayo waziri mkuu alikuwa daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo, Lotay Tshering, na waziri wa mambo ya nje alikuwa daktari wa watoto, Tandi Dorji. Lotay Tshering ndiye aliyeandikwa sana, kwa sababu aliendelea kufanya upasuaji siku za Jumamosi akiwa waziri mkuu. Ni habari tamu, lakini mimi nilivutwa na yule wa watoto.

Chama chao, Druk Nyamrup Tshogpa, kiliingia uchaguzi wa 2013 kikatolewa raundi ya kwanza. Kule raundi ya kwanza hupigiwa kura vyama, na viwili vya juu tu ndivyo vinavyosonga mbele. Kiongozi wake, Dorji Choden, akahamia chama kilichoshinda, akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo. Hapo wengi wangefunga virago. Tandi Dorji alibaki, akakishika chama kilichokuwa hakina hata kiti kimoja bungeni. Halafu Mei 2018, miezi michache kabla ya uchaguzi, uongozi ukaenda kwa Lotay Tshering. Tandi Dorji hakususa. Oktoba chama kikapata viti 30 kati ya 47, naye akapewa mambo ya nje.

Ukishindwa kule, kurudi nyuma si rahisi. Mtumishi wa umma haruhusiwi kushabikia chama. Akitaka siasa anajiuzulu. Na kama serikali ilikusomesha, deni lake linakufuata: Lotay Tshering alilipa zaidi ya ngultrum (fedha ya Bhutani) milioni 6 kuvunja mkataba wake alipoondoka hospitali mwaka 2013. Kwa hiyo, kijana, toa kwanza mkataba wako wa masomo kabatini uusome mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi wangu niliusoma baada ya kuchukua fomu. Jasho lilinitoka!

Sasa, daktari wa watoto anapeleka nini kwenye meza ya wanadiplomasia? Mtoto wa miezi minane hakwambii panapouma. Anayekueleza ni bibi, mama yuko kimya kwa kuwa mkwe ndiye msemaji, na wewe unasikiliza maneno ya bibi huku unasoma uso wa mama. Bhutani na China hazina uhusiano wa kibalozi, lakini zimekuwa zikizungumzia mpaka wao tangu 1984, huku India, rafiki mkubwa wa Bhutani, ikitega sikio kwa kila neno. Oktoba 2021 Tandi Dorji alitia saini makubaliano ya hatua tatu ya kuharakisha mazungumzo hayo. Oktoba 2023 akaenda Beijing mwenyewe, waziri wa kwanza wa mambo ya nje wa Bhutani kufika China. Mpaka haukuchorwa. Lakini kukaa katika chumba ambacho India haimo, na kila mtu anajua inasikiliza, ni raundi ile ile ya asubuhi wodini.

Chanjo ya korona ndiyo iliyonigusa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa Machi 2021 Bhutani ilichanja zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima waliostahili ndani ya wiki mbili, kwa dozi zilizotoka India. Kisha India ikazidiwa na wagonjwa wake, ikasimamisha kutoa chanjo nje. Wiki zinahesabika, dozi ya pili haipo. Yeyote aliyewahi kuzunguka wilaya nzima akiomba chupa za damu anajua hali hiyo: unaomba bila kujidhalilisha, kwa namba kamili na tarehe kamili. Marekani ilitoa dozi 500,000, Denimaki 250,000, nchi nyingine zikaongezea, na Julai wakachanja tena karibu wote katika wiki moja.

Yote hayo hayakumsaidia Novemba 2023. Chama chao kilitolewa tena raundi ya kwanza, kama mwaka 2013. Niliposoma hilo nilimkumbuka yule mama wa pacha.

Kwa hiyo vijana wakinipigia siwaulizi wana fedha kiasi gani, wala wazee wangapi wamewaita. Ninauliza hivi: kati ya madaktari wenzako, ni nani ambaye akipewa kile kiti unachokitaka wewe, utabaki ukifanya kazi chini yake? Simu hunyamaza. Mpaka leo ni mmoja tu aliyenitajia jina.