Nyufa kwenye maungio ya fremu ya nyuma ya BMW E46: tatizo si unene wa bamba

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina BMW 320i ya mwaka 2002, ile bodi ya E46, gia za mkono. Tangu miezi michache iliyopita nikiachia klachi kwenye gia ya kwanza nasikia "ko!" nyuma, na nikipita kwenye tuta sakafu inalia. Tumeliweka gari juu ya shimo tukaona nyufa mbili pale fremu ya nyuma inapofungwa kwenye bodi, kushoto kwa mbele. Fundi mmoja anasema atachomelea bamba la milimita 5 bila kushusha fremu, kazi ya nusu siku. Mwingine anasema nibadili bushi tu, niweke zile ngumu. Bamba liwe nene kiasi gani? Na ni lazima kutoboa mwisho wa ufa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Bamba la milimita 2 linatosha, 3 kwa wingi. Na ndiyo, toboa. Lakini naomba usiishie hapo ukampigia simu fundi wa nusu siku, maana hilo la unene ndilo linaloniumiza kichwa kila wiki. Watu wengi wanaamini kwamba chuma kikiwa kinene basi mahali pamekuwa imara. Kwenye bati la gari mambo hayaendi hivyo, na imani hiyo imeharibu bodi nyingi kuliko kutu.

Sakafu ya gari lako ina unene wa karibu milimita moja. Ukileta bamba la milimita 5, moto unaotosha kuliyeyusha utaitoboa sakafu kabla bamba halijashika. Fundi akiona inatoboka anapunguza moto, na hapo weldi inalala juu ya bamba bila kuzama. Kwa macho inaonekana nzuri, ina mawimbi, imejaa, ila haijashika kitu. Hata ikishika, bamba lile halikunjiki kabisa wakati sakafu inakunjika kila unapokanyaga mafuta, kwa hiyo mkunjo wote unahamia ukingoni mwa bamba. Shonea kiraka cha turubai kwenye khanga kuukuu uone: haitachanika penye kiraka, itachanika pembeni, kwenye mshono.

Mwaka jana niliinua E46 nyingine yenye malalamiko kama yako. Chini ilikuwa nyeusi tii, imepakwa rangi ya lami mpya kabisa, na mwenye gari alishaambiwa kazi imekwisha. Niliingiza bisibisi ukingoni mwa bamba, nikasukuma kwa kiganja tu, kona nzima ikafunguka. Ndani gundi ya kiwandani ilikuwa imeungua mkaa, kutu imeanza, na ufa wa mwanzo upo vilevile, haukuguswa. Ulikuwa umepita chini ya bamba na kutokea upande wa pili, mrefu kama kidole changu cha kati. Mbaya zaidi, kando ya bamba walikuwa wamechomelea kipande cha nondo ya kujengea nyumba, eti kiongeze nguvu. Mwenye gari alikuwa ameendesha miezi minne akiamini yuko salama, tena akiwa na watoto kiti cha nyuma.

Kwa nini bati hili linapasuka? Fremu ya nyuma ya E46 inabeba difu na mikono ya magurudumu, na inashikwa kwenye sakafu kwa bolti nne kupitia bushi nne kubwa za mpira. Ukiachia klachi, propela inazungusha difu, na difu yenyewe inataka kunyanyua pua. Ukiachia mafuta au ukirudi nyuma, inavuta upande wa pili. Kwa hiyo zile sehemu nne zinasukumwa na kuvutwa maelfu ya mara, na bati linachoka kama waya unaokunjwa huku na huku mpaka ukatike. Nguvu yote inaishia kwenye kikombe cha chuma kilichofichwa kati ya bati la juu na bati la chini, kikiwa kimeshikwa kwa vidoti vya weldi vya kiwandani. Kidoti kimoja kikiachia, jirani yake anabeba mzigo wa wawili. Hii haihitaji gari la mashindano. Nimeiona kwenye 318i ya gia otomatiki iliyokuwa ikiendeshwa na mzee mtaratibu sana. Bushi zilizochoka, mashimo na matuta yetu vinaongeza tu kasi.

Ndiyo maana kazi ya kweli haifanyiki fremu ikiwa juu. Inashushwa pamoja na difu, ekzosi, propela, nyaya za handbreki na paipu za breki. Tangi la mafuta linatolewa. Limekaa chini ya kiti cha nyuma, karibu kabisa na unapotaka kuwasha moto, na fundi anayekwambia "nitalifunika na gunia lenye maji" mwache hapohapo. Betri inatolewa, zulia la buti na kiti cha nyuma vinatolewa. Kisha gundi na mpira wa chini vinakwanguliwa hadi chuma cheupe kionekane, kwa brashi ya waya, si kwa kuviunguza, maana moshi wake ni sumu na masizi yake yanaingia ndani ya weldi.

Hapo ndipo utajua una nyufa ngapi. Mara nyingi ukiona mbili, zipo nne. Kama huna ile dawa ya rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, tumia njia ya zamani: paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa yakauke kabisa, halafu paka unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe, kwa sababu mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kulowesha chaki. Angalia mstari unaishia wapi hasa. Tundu la milimita 3 linatobolewa pale mwisho, siyo pale macho yalipoishia mara ya kwanza. Ukitoboa kabla ya mwisho, ufa umebaki nje ya tundu na utaendelea na safari yake. Osha mafuta yote ya taa kwa thina na uache pakauke kabla ya kuwasha kitu chochote.

Ufa wenyewe unachomelewa kwanza, unasawazishwa kwa grenda, ndipo bamba linawekwa. Bamba likatwe kufuata umbo la sakafu, kona zake ziwe za mviringo, na lienee mbali na bolti ili mzigo usambae. Litobolewe matundu katikati ili lishikwe hapo pia, siyo ukingoni peke yake. Mashine iwe MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, yenye gesi ya mchanganyiko wa agoni, waya wa 0.6 au 0.8. Chomelea vipande vifupi, hama upande wa pili, acha papoe, rudi. Mashine ya vijiti kwenye bati hili ni kulipua kazi, na kuunga kwa gesi na shaba ni kulipua zaidi: shaba haina nguvu ya kubeba fremu na joto lake linalegeza bati eneo kubwa. Kabla ya kumalizia, fremu ipandishwe ifungwe bolti zote nne kuhakikisha matundu hayajahama. Yakihama milimita chache tu, magurudumu ya nyuma hayatasimama sawa tena na utanunua matairi kila mara.

Sehemu zote nne fremu inaposhika ziimarishwe, hata zile zisizo na ufa. Na kama bati la juu nalo limeachia, mabamba ya chini pekee hayatoshi, lazima uingie kutoka ndani ya buti uunganishe zile sehemu na mihimili ya bodi. Wengi wanaliruka hili kwa sababu halionekani.

Kuhusu bushi: zibadilishwe, ndiyo, zote kwa pamoja na ziwe za mpira mpya zenye ubora. Ila bushi haiungi bati lililopasuka. Na hizo ngumu, ukiziweka kwenye sakafu ambayo haijatengenezwa, mshtuko uliokuwa unamezwa na mpira unakwenda moja kwa moja kwenye ufa. Aliyekushauri hivyo ametibu kelele.

Nasema kwa ukali kwa sababu si E46 peke yake. Naona Noah na magari mengine ya familia yaliyopasuka pale shokapu ya mbele inaposhika juu, yamezibwa kwa fila na kupigwa rangi. Naona pikapu zenye maungio ya springi yaliyochomelewa vyuma vya geti. Chesesi ya pikapu au Canter ikiungwa, bamba likatwe ncha kwa mshazari ili mzigo upungue polepole. Ukiunga mstari ulionyooka kukata chesesi juu hadi chini, umeichorea sehemu ya kukatikia. Na wale wanaopuliza oili chafu chini ya gari kuzuia kutu wanaozesha bushi za mpira na kumwekea fundi wa weldi kuni za moto.

Gereji bubu nyingi zina vijana wenye mikono mizuri sana. Shida ni pale anayelipwa kwa haraka anapokutana na mteja anayetaka haraka. Kwa hiyo usimuulize fundi bei kwanza. Muulize atashusha nini, atachomelea kwa mashine gani, na kama atakuruhusu uje uone chuma kikiwa cheupe kabla hajafunika. Akikataa hilo la mwisho, ondoka na gari lako. Piga picha kila hatua, zitakusaidia hata siku ya kuuza.

Mpaka hapo, usilipeleke gari hilo Dar. Tembea nalo mjini polepole hadi gereji, bila mizigo, klachi uiachie taratibu. Weldi ikikamilika, paka praima ya epoksi, ziba maungio kwa gundi mpya, puliza nta ndani ya matundu, na funga bolti mpya kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Rangi ya lami iwe ya mwisho kabisa, baada ya wewe mwenyewe kuingia chini na tochi.