Ukipangiwa Daniel Boone, Anzia Kwenye Kesi za Ardhi

Kila mwaka wa masomo unapoanza hawakosi mmoja au wawili waliopangiwa mada ya mwanzilishi wa mji katika Marekani ya zamani, mtu aliyekuwa pia ofisa wa mgambo. Hunijia kuuliza waanzie wapi. Mara nyingi huyo mtu ni Daniel Boone, yule wa Boonesborough, Kentucky. Mimi niliandika tasnifu nzima juu yake, na nusu ya kwanza niliitupa. Kwa hiyo, wadogo zangu, ninachowagawia hapa ni hasara yangu mwenyewe.

Kosa lilianza na maelezo ya maisha yake yaliyochapwa mwaka 1784. Yameandikwa kwa nafsi ya kwanza, mimi nilifanya hivi, mimi niliona vile, nami nikajaza kurasa na "Boone anasema". Msimamizi wangu alizungushia kila "anasema" kwa wino mwekundu, kisha pembeni akaandika neno moja: "Nani?" Ilinichukua wiki kumwelewa. Yule "mimi" ni kalamu ya John Filson, mwalimu wa shule kutoka Pennsylvania aliyejipatia ardhi Kentucky na kutaka watu waje wainunue. Alizungumza na Boone kweli, na matukio mengi yanalingana na ushahidi mwingine. Lakini lugha ile ya mapambo si ya mtu ambaye barua zake zimejaa tahajia ya kujitungia. Matukio yake yapimeni kabla ya kuyachukua. Maneno mwachieni Filson.

Barua halisi zipo, na ni fupi. Anza na ile ya tarehe 1 Aprili 1775. Mwezi mmoja kabla, Boone alikuwa ameongoza kikosi cha watu thelathini hivi wenye mashoka kukata njia kupitia Cumberland Gap, upenyo wa milimani wa kuingilia Kentucky, kwa niaba ya Richard Henderson na kampuni yake ya ardhi ya Transylvania. Henderson alikuwa amewapa Wacherokee, wenyeji wa asili, bidhaa na kudai kwamba amenunua eneo la karibu ekari milioni 20. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekataza ununuzi wa namna hiyo tangu 1763, na miongoni mwa Wacherokee wenyewe Dragging Canoe aliupinga waziwazi. Katika barua Boone anamwarifu tajiri wake kwamba alfajiri ya tarehe 25 Machi walishambuliwa: Twitty ameuawa pamoja na mtumwa wake, Walker ameumia vibaya. Isome mara mbili. Wazungu wawili wana majina, wa tatu ametajwa kama mali ya Twitty. Jina lake, Sam, utalipata kwingine. Hata miaka 2 kabla ya hapo, mtoto wa kwanza wa Boone, James, alipouawa njiani, miongoni mwa waliokufa naye alikuwamo mtumwa aitwaye Charles, na vitabu vingi humtaja James peke yake. Orodhesheni watu wa namna hii tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuwaongeza mwishoni kutaonekana kama kiraka. Yule Monk Estill aliyejua kutengeneza baruti, kitu ambacho ngome za walowezi wa Kentucky zisingeishi bila hicho, naye alikuwa mtumwa hadi alipoachiwa huru mwaka 1782. Boone mwenyewe, kufikia 1787, alikuwa na watumwa saba.

Neno "mgambo" nalo lisikupoteze. Mgambo wa Virginia, ambayo Kentucky ilikuwa sehemu yake wakati huo, ulikuwa wajibu wa raia, uliopangwa kwa kaunti, na vyeo vyake vilikwenda na kaunti. Boone alikuwa kapteni mwaka 1774, meja baada ya 1778, luteni kanali wa Kaunti ya Fayette mwishoni mwa 1780, kisha kanali baada ya mkuu wake, John Todd, kuuawa katika mapigano ya Blue Licks mwaka 1782. Ukimwita "Kanali Boone" ukisimulia mwaka 1775, msomaji makini atafunga kitabu. Tengeneza jedwali la vyeo na miaka, libandike ukutani.

Kalenda ni jambo la dakika tano lakini huaibisha watu. Alizaliwa 22 Oktoba 1734 kwa kalenda ya zamani, 2 Novemba kwa hii tunayotumia, kwa sababu Waingereza walibadilisha kalenda mwaka 1752 na kuruka siku 11. Mwenyewe alishikilia Oktoba hadi mwisho. Chagua moja, eleza kwa sentensi moja, endelea. Na ukiona picha ya mti umechongwa "D. Boon" pamoja na habari za dubu, usiseme ni mkono wake: yeye jina lake alilimalizia na herufi e.

Sehemu iliyonichosha kuliko zote ni ya mwaka 1778. Mwezi Februari Boone na wenzake walikuwa wakichemsha chumvi Blue Licks. Alinaswa na Washawnee, wenyeji wengine wa asili, wa chifu Blackfish, na kesho yake akawashawishi wenzake wajisalimishe bila kupigana. Blackfish akamchukua kama mwanawe. Mwezi Juni akatoroka, akakata maili 160 kwa siku nne, akaipa Boonesborough habari kwamba inakuja kushambuliwa. Septemba ngome ilizingirwa, haikuanguka. Baadaye wenzake, Richard Callaway na Benjamin Logan, wakamshtaki kwamba aliuza watu wake kwa adui. Mahakama ya kijeshi ikamwachia, na akapandishwa cheo kuwa meja.

Nilitafuta kumbukumbu za kesi hiyo kama anayetafuta sindano kwenye nyasi. Hazikubaki. Tunachokitegemea zaidi ni maelezo ya Daniel Trabue, aliyekuwapo pale lakini akaandika akiwa mzee, miaka mingi baadaye. Hapa mwanafunzi hushawishika kuwa hakimu: alikuwa msaliti, hakuwa msaliti. Usijipe kazi hiyo. Andika walioshtaki ni nani, walipoteza nini, Trabue alikumbuka nini na lini. Kumbuka pia kwamba Washawnee hawakuja bure. Chifu wao Cornstalk alikuwa ameuawa Novemba 1777 akiwa mikononi mwa Wamarekani, alikokwenda kwa amani. Tasnifu inayoanza na chumvi bila Cornstalk imeanzia katikati ya ugomvi.

Sasa ardhi, ambako ndiko ningewapeleka kwanza kama ningekuwa na amri. Watu huona makaratasi ya ardhi yanachosha na kukimbilia vita. Mimi pia. Lakini vita vinakupa siku chache, ardhi inakupa miaka 40.

Mwaka 1778 Virginia iliufuta ununuzi wa Henderson, ikampa yeye ekari 200,000 kwingine kama kifuta jasho. Ahadi ya ardhi aliyokuwa amempa Boone ikafa hapo. Sheria ya 1779 iliwapa walowezi wa mapema ekari 400, na haki ya kununua nyingine 1,000 zinazopakana nazo. Shida ni kwamba kila mtu alijichagulia kipande, na mipaka ilitajwa kwa miti yenye alama, vijito na madimbwi ya chumvi. Mti ukianguka, mpaka umeanguka. Viwanja vikapandiana kama makuti ya paa. Boone alikuwa pia naibu mpimaji, akiwapimia wengine kwa kujua msitu kuliko kujua daftari, na vipimo vyake vilileta kesi. Wakati fulani mwaka 1780 alibeba fedha za majirani kwenda kununulia hati za ardhi, zikaibwa akiwa amelala njiani. Wengine walimsamehe, wengine aliwalipa kwa miaka.

Soma kesi hizo na utaona mambo ambayo vita havionyeshi: nani alikuwa jirani wa nani, nani alijua kuandika, nani alitia alama ya msalaba, nani alikuwa na wakili. Utaona pia kwa nini mwanzilishi hakukaa katika mji wenye jina lake. Boonesborough ilipewa hadhi ya mji na bunge la Virginia mwaka 1779, na mwaka huohuo Boone akahama kwenda kufungua kituo kingine. Mji wenyewe haukudumu. Leo pale pana hifadhi ya jimbo na ngome iliyojengwa upya kwa ajili ya wageni.

Ukitaka mwaka mmoja unaobeba mada yote, shika 1798. Mwaka huo bunge la Kentucky liliipa kaunti jina la Boone. Mwaka huohuo ilitolewa hati ya kumkamata kwa kupuuza wito wa mahakama. Sherifu hakumpata. Nilipoziona habari hizo mbili pamoja ndipo nilipojua sura yangu ya kwanza inaanzia wapi, na nikaifuta ile iliyoanza na Cumberland Gap na jua likichomoza.

Mwaka 1799 alihamia Missouri, wakati huo chini ya Hispania, akapewa ardhi na madaraka ya kuamua mashauri. Marekani ilipoinunua Louisiana mwaka 1803, madai yake yakapotea tena, maana hakuwa amekamilisha makaratasi. Mwaka 1814 Kongresi ilimrudishia ekari 850 hivi. Sehemu kubwa aliiuza, alipe madeni ya Kentucky. Kwa miaka hiyo, msiache mahojiano ambayo Lyman Draper, mkusanyaji wa kumbukumbu za walowezi, alifanya na mwanawe Nathan mwaka 1851. Yamehifadhiwa Madison, Wisconsin. Ni mtoto anayemkumbuka baba aliyefariki miaka 31 nyuma, kwa hiyo wekeni tarehe ya mahojiano kando ya kila jambo mnalolichukua kwake.