Masomo ya Diploma ya IB kwa mwanafunzi Mhindi anayewania udaktari au uhandisi

SWALI: Ndugu mshauri, sisi ni raia wa India tunaoishi Upanga, Dar es Salaam. Binti yetu anaanza Diploma ya IB (International Baccalaureate), kozi ya kimataifa ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, mwezi Agosti na anatakiwa kuchagua masomo sita. Mwenyewe anataka udaktari, ila baba yake anaona uhandisi una nafasi nyingi zaidi, na bado hatujaamua kama atasoma India au Uingereza. Shule imependekeza kemia, baiolojia na uchumi kwa ngazi ya juu, kisha Kiingereza, Kiswahili na hisabati ya AI (ile ya matumizi) kwa ngazi ya kawaida. Je, mpangilio huu utamwachia njia zote wazi?

JIBU: Mama, nianze na lililo la haraka. Pendekezo hilo halina fizikia, na mwombaji ambaye hakusoma fizikia, kemia, baiolojia na Kiingereza katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari hana sifa za kuingia shahada ya udaktari nchini India hadi aliongeze somo alilokosa, hata akipata alama zote 45 za Diploma. Vilevile hisabati ya AI kwa ngazi ya kawaida inamwondoa katika uhandisi wa vyuo vingi vikubwa vya Uingereza. Kwa hiyo mpangilio huo unaziba njia zile zile mbili mnazozijadili nyumbani, nami ningeomba ubadilishwe kabla muhula haujaanza, kwa sababu kuhamia somo jipya baada ya miezi michache humgharimu mwanafunzi sana.

Chanzo cha tatizo ni jinsi IB inavyopanga masomo. Mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Tanzania anayechukua tahsusi ya PCB husoma fizikia, kemia na baiolojia kwa pamoja bila kuuliza, na mfumo wa India unafanana na huo. IB haina tahsusi. Mwanafunzi huchukua somo moja katika kila kundi: lugha na fasihi, lugha ya pili, masomo ya jamii, sayansi, hisabati na sanaa. Matatu huyasoma kwa ngazi ya juu, yaani saa 240 kila moja, na matatu kwa ngazi ya kawaida, saa 150. Somo la sanaa linaweza kuachwa na nafasi yake ikachukuliwa na sayansi ya pili, na hapo ndipo ruhusa ya kawaida inapoishia. Mwenye kutaka PCM hapati shida, kwa kuwa fizikia, kemia na hisabati zinaenea vizuri ndani ya kanuni. Mwenye kutaka PCB anahitaji sayansi ya tatu, na nafasi yake haipo.

Njia ya kwanza ya kuipata ni Diploma isiyo ya kawaida, ambayo hutolewa kwa idhini ya IB. Mratibu wa shule huiomba akiambatisha ushahidi wa maandishi kwamba chuo kinachokusudiwa kinadai masomo hayo matatu, na kwa kawaida somo la jamii ndilo linalopisha. Njia ya pili ni kusoma sayansi ya tatu kama somo la saba, ambalo alama zake haziingii katika jumla ya Diploma. Ya kwanza ndiyo ninayoipendelea kwa binti mwenye nia thabiti ya udaktari, kwa sababu masomo saba, pamoja na insha ndefu ya maneno 4,000 na Nadharia ya Maarifa ambazo ni lazima kwa kila mwanafunzi wa Diploma, yanamwachia muda mdogo mno wa kujiandaa kwa mtihani wa kuingilia chuo. Hata hivyo ina gharama yake: Ujerumani, ambako Wahindi wengi sasa wanapeleka watoto, hutaka somo la jamii liwemo kati ya yale sita. Mkiichagua Diploma isiyo ya kawaida, ihesabuni Ujerumani kuwa imetoka.

Tangu 2023 Tume ya Taifa ya Tiba ya India imewaruhusu waliokosa somo mojawapo la lazima kuliongeza baada ya kumaliza sekondari, kupitia bodi inayotambuliwa. Huo ni msaada mkubwa kwa aliyebadili nia akiwa amechelewa, lakini binti yako bado hajaanza, na hakuna sababu ya kumpangia mwaka wa ziada tangu leo.

Naomba sasa mzingatie tofauti ambayo wazazi wengi huipita haraka. India na Uingereza haziangalii kitu kimoja. India hutazama kwanza kama somo linaonekana kwenye cheti na kama mwombaji amefikisha wastani unaotakiwa, ambao kwa udaktari ni asilimia 50 katika sayansi tatu kwa waombaji wasio katika makundi ya upendeleo. Baada ya hapo mtihani wa kuingilia ndio unaoamua karibu kila kitu. Kwa udaktari mtihani huo ni NEET; kwa uhandisi, vyuo vya taifa vya NIT hutumia JEE Main, na vyuo vya teknolojia vya IIT hutumia JEE Advanced. Uingereza haina mtihani mmoja wa taifa wa namna hiyo. Huko nafasi hutolewa kwa masharti, na sharti huandikwa kwa jumla ya alama pamoja na alama za masomo ya ngazi ya juu. Cambridge, kwa mfano, kwa kawaida hudai alama 41 au 42, na katika masomo matatu ya ngazi ya juu 7, 7 na 6, ambapo 7 ndiyo alama ya juu kabisa ya somo. Kwa hiyo fizikia ya ngazi ya kawaida inayoweza kutosheleza sharti la somo nchini India haitamsaidia mwombaji wa uhandisi Cambridge.

Kuhusu hisabati, tangu 2019 IB inafundisha kozi mbili. AA ni ya uchambuzi, yenye aljebra na kalkulasi nzito, na AI ni ya matumizi, inayoegemea takwimu na vielelezo. Kwa uhandisi chagueni AA ya ngazi ya juu. Kwa udaktari AA ya ngazi ya kawaida inatosha, tena inamwachia njia ya fani nyingine za sayansi iwapo nia itabadilika. Mjue pia kwamba hata AA ya ngazi ya juu haiufuniki muhtasari wa JEE: matriksi na jiometri ya parabola, duaradufu na haiperbola hazimo, na mwanafunzi atalazimika kuzisoma pembeni.

Pengo kama hilo lipo katika NEET, na hapa ningependa mzazi akae na mwanawe wahesabu kwa makini. Mtihani una maswali 180 na alama 720. Baiolojia peke yake ina maswali 90, fizikia 45 na kemia 45, yote kutoka muhtasari unaofuata vitabu vya NCERT, yaani vitabu vya kiada vya sekondari za India. IB hufundisha kueleza, kubuni majaribio na kuchambua data. NEET humtaka mwanafunzi akumbuke uainishaji wa viumbe, anatomia ya mimea na kemia isiyo ya kaboni kwa undani, tena kwa kasi ya swali moja kwa dakika. Mwanafunzi mwenye 7 katika baiolojia ya IB anaweza kabisa kushindwa kupata nafasi ya chuo cha serikali asiposoma vitabu hivyo tangu mwaka wa kwanza.

Kalenda nayo ina ukali wake. NEET hufanyika Jumapili ya kwanza ya Mei, katikati ya mitihani ya mwisho ya IB, ambayo huanza mwishoni mwa Aprili na kuendelea hadi wiki za mwisho za Mei. Mwaka 2024 miji ya nje ya India yenye vituo ilikuwamo Dubai, Muscat, Doha na Lagos. Dar es Salaam haikuwamo. Fikirieni maana yake: safari ya ndege, mtihani wa saa tatu, kisha kurudi kuandika karatasi ya kemia. Familia nyingi huamua mtoto amalize IB kwa utulivu, kisha afanye NEET mwaka unaofuata. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa busara, mradi ufanywe mapema na mtoto aelezwe kwamba ndio mpango wenyewe, asije akaona kuwa amefeli.

Kama mnafikiria udaktari wa Uingereza ili kuikwepa NEET, msifanye hivyo. Raia wa India anayesoma udaktari nje na kutaka kurudi kufanya kazi nyumbani hutakiwa awe amefaulu NEET, na kozi yenyewe iwe ya miezi isiyopungua 54.

Mpangilio ninaoupendekeza, ikiwa binti atabaki na udaktari, ni kemia, baiolojia na fizikia kwa ngazi ya juu ikiwa fizikia anaimudu. Kisha Kiingereza A (kozi ya lugha na fasihi), hisabati ya AA na Kiswahili kwa ngazi ya kawaida. Ikiwa fizikia humlemea, Kiingereza kipandishwe ngazi ya juu na fizikia ishuke, baada ya kupata jibu la maandishi kuhusu ngazi kutoka Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya India, AIU, ambayo ndiyo hutoa cheti cha ulinganifu na darasa la 12, yaani mwisho wa sekondari ya India. Akielekea uhandisi, achukue fizikia, hisabati ya AA na kemia kwa ngazi ya juu, na uchumi urudi kwa ngazi ya kawaida pamoja na lugha mbili. Mipangilio hii miwili inatofautiana kiasi kwamba kuiunganisha kutamchosha mtoto bila faida. Kwa hiyo baba na binti wazungumze sasa, na kwa kuwa atakayeamka usiku kusoma ni yeye, ningeipa nia yake uzito mkubwa.

Katika Kiswahili, aliyekulia Upanga aingie kozi B, kwa kuwa ile ya wanaoanza kabisa ni ya wasioijua lugha, na shule ina haki ya kumkataa humo. Kiingereza A kisiachwe, kwani ndicho kitakachotimiza sharti la India.

Mwandikieni mratibu wiki hii, mkiomba mambo mawili: kwamba shule iko tayari kuomba Diploma isiyo ya kawaida, na kwamba ratiba yake inaruhusu sayansi tatu zisigongane vipindi. Shule nyingine ndogo hufundisha fizikia na baiolojia kwa saa zile zile, na idhini ya IB haiwezi kulitatua hilo. Ambatisheni kanuni za NEET zilizochapishwa na Wakala wa Taifa wa Mitihani, NTA, kama ushahidi. Hakikisheni pia kwamba binti atakuwa ametimiza miaka 17 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka atakaoomba kuingia, kwa sababu chini ya umri huo maombi hayapokelewi.